Historia ya Gramu Mia Nne

Jana asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye dawati la Form Two lililobebwa mpaka uwanjani, naandika magoli. Hiyo ndiyo kazi yangu kwenye netiboli. Sichezi. Nilijaribu nikiwa Form One, nikarushiwa mpira, watu wote wakaniangalia, nikaenda kumrudishia mwalimu.

Kwa wasiojua: kwenye netiboli kila goli likifungwa mpira unarudi katikati, na timu zinapokezana kuuanzisha. Mara sisi, mara wao, haijalishi nani kafunga. Kuanzisha huko ndiyo tunaita senta. Refa ana mambo mengi, anaweza akasahau, kwa hiyo mwandishi wa magoli anaweka alama kwenye daftari. Mimi naandika S kwa sisi, W kwa wao. Refa akichanganyikiwa anamuuliza mwandishi.

Ilikuwa fainali ya wilaya. Ishirini na moja kwa ishirini na moja, imebaki kama dakika moja. Refa akageuka.

"Mwandishi, senta ya nani?"

Daftari linasema W. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Yetu hiyo!" akajibu Madam Subilaga, mwalimu wetu wa michezo, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kukosea hata kwenye bei ya nyanya.

Refa akapuliza. Tukafunga. Tukashinda. Kwa hiyo sisi ndio tunaenda mkoani, ambako watakuja watu wa kuchagua wasichana wa timu ya taifa ya vijana. Wao wanabaki nyumbani.

Nahodha wao ni Atuganile. Tumekaa dawati moja kuanzia darasa la kwanza mpaka la saba, ndiyo tukapangiwa shule tofauti. Tangu darasa la tatu anasema atachezea timu ya taifa. Hajawahi kusema anataka kuwa kitu kingine, hata nesi.

Jana hakulia. Alikuja pale nilipokaa, akaliangalia daftari. Nikalifunga.

"Haya, Sekela," akasema, akaenda kuvaa ndala zake.

Nikalala na hilo. Na usiku huo wa jana nikaota. Naandika kama ilivyokuwa, sijaongeza kitu.

Nipo uwanja wa ndege na timu ya taifa ya wanawake. Tunaenda mashindano ya dunia. Msafara una watu thelathini na nane. Wachezaji ni sita.

Najiuliza moyoni, si huwa wanacheza saba?

"Wa saba kampisha mpiga picha," likanijibu begi lililokuwa miguuni pangu. Lilikuwa begi dogo, la kijani, limekunjamana kama limelaliwa. Nikalishukuru.

Kila mtu amevaa bibu, kile kitambaa cha herufi kifuani kinachosema unaruhusiwa kukanyaga wapi. Bibu ya mpika chai inamruhusu kufika mlangoni. Bibu ya Katibu inamruhusu hotelini na madukani. Mkuu wa Msafara ni baba mmoja aliyevaa miwani miwili, mmoja wa kusomea, mmoja wa kupigia picha. Bibu yake inamruhusu kila mahali isipokuwa uwanjani.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Kwa nini uwanjani hapana?"

"Marahaba, binti. Uwanjani kuna jua."

Tukafika kwenye mizani ya mizigo. Hakuna mhudumu. Mizani yenyewe ndiyo inaongea.

"Begi hili lina nini?"

"Historia ya timu yetu kwenye mashindano ya kimataifa," akasema Mkuu, akarekebisha miwani ya picha.

"Gramu mia nne."

"Pima vizuri."

"Gramu mia nne. Mnaruhusiwa kilo ishirini na tatu. Nchi iliyopita hapa sasa hivi, historia yake ilibebwa na wanaume wanne."

Begi likafunguliwa, lenyewe likaona aibu likaangalia pembeni. Ndani mna karatasi nne. Ya kwanza ni mechi tuliyoshinda, lakini ilinyeshewa, haisomeki. Ya pili tulifungwa, na pembeni mtu kaandika "tumejifunza mengi." Ya tatu ni mechi ambayo mwandishi hakuwa na kalamu. Ya nne ni barua ya kutualika kwenye mashindano, na muhuri unaonyesha ilifunguliwa mashindano yakiwa yameshaisha.

"Ongezeni hotuba," akaamuru Mkuu.

Zikaingizwa hotuba kumi na moja. Begi likavimba mpaka zipu ikalalamika.

"Gramu mia nne," ikasema mizani.

Akaongeza hotuba ya kumi na mbili, ya mikakati.

"Gramu mia tatu tisini."

Hapo ndipo nikamwona nahodha wa taifa, dada mmoja anaitwa Nyamizi. Kabebwa mgongoni na mwenzake. Nikadhani kaumia.

"Sijaumia, mdogo wangu," akaniambia. "Nimeshika mpira. Ukishika mpira huruhusiwi kutembea."

"Tangu lini umeushika?"

"Tangu nyumbani. Ila huruhusiwi kukaa nao zaidi ya sekunde tatu."

Akamrushia mwenzake. Yule mwenzake hapo hapo akaganda, mguu mmoja juu, na dada Nyamizi akashuka akambeba. Baada ya sekunde tatu wakabadilishana tena. Ndivyo wanavyosafiri. Ndiyo maana wanafika mashindano yakiwa yamefika robo fainali, na kwenye magazeti inaandikwa kwamba maandalizi hayakutosha.

Hatukupanda ndege. Niligeuka tu, tukawa kwenye foleni.

Ni foleni ya mataifa, yamepangwa kwa ubora. Mbele kabisa siwaoni, kuna ukungu. Anayesimamia foleni ni goli. Mlingoti mrefu, juu kuna pete, na anaongea kupitia ile pete.

"Nyie ni wa ngapi duniani?"

"Hatupo," akasema Katibu.

"Hatupo ndiyo ya ngapi?"

Katibu akamwangalia Mkuu. Mkuu akaangalia juu kwenye pete, akavaa miwani yote kwa pamoja.

"Tunaomba utaratibu," akasema.

"Utaratibu ni rahisi. Kuwa kwenye foleni lazima uwe umecheza."

"Na ili tucheze?"

"Lazima mualikwe."

"Na ili tualikwe?"

"Muwe kwenye foleni."

Mkuu akamwambia Katibu aandike kwamba mazungumzo yamekwenda vizuri. Msafara ukapiga makofi. Wachezaji hawakupiga, mikono yao ilikuwa inabeba mtu.

"Basi mpewe mechi moja," likasema goli. Nadhani lilituonea huruma, au lilitaka tuondoke mlangoni. "Mkishinda mnaingia kwenye foleni."

Palepale kiwanja kikajitandika chini yetu, mistari ikajichora. Nikajikuta nimekaa. Dawati la Form Two. Daftari langu mbele yangu, limejifungua. Ishirini na moja kwa ishirini na moja.

Wapinzani ni saba. Wote ni Atuganile.

Sikushangaa. Atuganile wa mbele alikuwa mfupi kidogo, Atuganile wa kulinda goli alikuwa mrefu, amepiga magoti anafunga kamba za viatu. Wa pembeni alikuwa anajikuna kidonda cha gotini. Jina la nchi yao kifuani halikuandikwa.

Refa ni filimbi. Hakuna mtu anayeipuliza.

"Mwandishi," ikasema filimbi. "Senta ya nani?"

Nikaliangalia daftari.

"Usiniangalie mimi," likasema daftari. "Mimi nimeshaandikwa. W. Kazi yangu imeisha."

Mkuu wa Msafara alikuwa ameshafika nyuma ya dawati, kasimama nje ya mstari kabisa, anachungulia.

"Mwanangu," ananinong'oneza, "andika S. Ni kaherufi kamoja tu. Nchi nzima inasubiri."

"Lakini siyo yetu, mzee."

"Nani anajua?"

"Mimi."

"Wewe si huwa huongei?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anataka kuhakikisha.

"Sekunde moja," ikasema filimbi.

Atuganile wote saba wamegeuka. Wanaliangalia daftari.

"Sekunde mbili."

Natamani kukimbia. Miguu haisogei. Naangalia mikononi, nimeshika mpira, sijui nani kanipa. Mpira una joto kama chapati. Naelewa sasa: siruhusiwi kutembea. Kilichobaki ni kuurusha, na nikichelewa wanauchukua.

"Ya kwao," nikasema.

Sauti ilitoka. Ilikuwa ya kawaida tu, hata haikutetemeka. Nilikuwa nimetegemea itakuwa kubwa zaidi.

Filimbi ikalia. Atuganile wa katikati akaanzisha, akampa Atuganile wa pembeni, akampa Atuganile wa mbele, mpira ukazunguka kwenye pete mara mbili, ukaingia. Goli likasema "Asante." Ishirini na mbili kwa ishirini na moja, wao. Nikaandika. Tarakimu zinasomeka.

Mkuu akakaa chini kwenye majani, akavua miwani yote.

"Umeiua historia," akasema.

"Kilo moja," ikasema mizani. Sikujua kama ilikuwa imetufuata.

"Kilo moja nini?" akauliza Mkuu.

"Begi lenu. Limepanda."

"Lakini tumefungwa!"

"Mimi sipimi kufunga. Napima kilichoandikwa kama kilivyotokea. Hotuba zenu nimezirudisha, zipo pale kwenye mkokoteni."

Mkuu akafikiri muda mrefu. Unaona kabisa anapiga hesabu kwa vidole, akaishiwa vidole akaazima vya Katibu.

"Kwa hiyo tukifungwa mara ishirini na mbili zaidi, tunafika kilo ishirini na tatu?"

"Mnafika. Ila lazima mcheze."

"Aa," akasema Mkuu. "Hapo kwenye kucheza tutaunda kamati."

Dada Nyamizi akacheka mpaka mwenzake aliyekuwa mgongoni akadondosha mpira.

Filimbi ikaja mbele ya dawati langu. Kwa karibu ni kubwa, inanuka kutu.

"Hawa ni sita," ikasema. "Mwandishi, simama. Nyoosha mikono."

"Ya nini?"

"Nikague kucha. Hakuna anayeingia kiwanjani na kucha ndefu, atachana wenzake. Hujui sheria?"

Naijua. Kila mechi refa anakagua kucha za wachezaji, hawa wanasimama mstari kama wanaomba peremende. Mimi sijawahi kukaguliwa. Mwandishi hakaguliwi.

Ikapita kidole kimoja kimoja. Ikasimama kwenye gumba la kulia. Ikatoa kikata kucha kidogo, cha chuma, ambacho kiliniambia "samahani" kabla ya kubana. Tap. Kipande kikaruka sikukiona kilipoangukia.

"Zingine nitamalizia—" ikaanza kusema, na nikaamka.

Kumekucha. Jogoo wa jirani, sufuria, mama anamenya viazi nje. Nikakaa kitandani nikaangalia mikono.

Kucha ya gumba la kulia imekatwa. Imekatwa vizuri, imezungushwa. Zile tisa ni ndefu kama zilivyokuwa.

Nikatoka nje.

"Shikamoo, mama. Umenikata kucha usiku?"

"Marahaba. Nikukate kucha, wewe kichanga? Chukua ufagio."

Kwetu hakuna kikata kucha. Tunatumia wembe, na wembe unaacha kona. Hii haina kona. Nimeipapasa mpaka ngozi ikauma.

Nikafagia uwanja wote, hata upande ambao huwa nauruka. Halafu nikamwomba mama simu.

"Ya nini?"

"Namtumia Atuganile kitu."

"Si mmewafunga jana? Unataka kumcheka mtoto wa watu?"

"Hapana, mama."

Akaniangalia, akaifuta simu kwenye kitenge, akanipa.

Nilipiga picha ukurasa wa daftari, ule wa dakika za mwisho, S na W zinaonekana zote. Nikamtumia kwenye simu ya kaka yake. Chini yake nikaandika hivi, nikafuta mara tatu, ya nne nikaituma:

"Atu, ile senta ya mwisho ilikuwa yenu. Nilijua pale pale. Mpe mwalimu wenu hii picha. Kesho kamati ya wilaya inakaa, nitaenda na daftari lenyewe. Wakiniuliza nitasema, na wasiponiuliza nitasema. Madam atanichukia. Naomba uniambie kama bado unataka kwenda mkoani."

Hiyo ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Saa nne tiki zikawa za bluu. Sasa hivi ni saa tano usiku, mama kalala, simu ipo kwenye chaji karibu na mguu wangu. Nimeiwasha tena kuangalia.

Simu ya kaka yake imeonekana mtandaoni dakika mbili zilizopita. Atu hajaandika kitu.