Maji ya Sabato

Jumamosi kulipokucha, Onsongo alikuwa amekwisha kupaka gurudumu mafuta na kufagia kinu chake kipya. Wanawake wa Ekerenyo walikuwa wamepanga vikapu vya wimbi mlangoni. Kilichokosekana ni maji.

Alijenga hapa makusudi, chini ya vinu vya wenzake. Njia ya wateja ilikwisha kukanyagwa, na fundi wa kuchonga mawe aliishi hapa hapa. Isitoshe, wenye vinu vya juu walishika Sabato. Onsongo alipiga hesabu kwamba wakipumzika wao, mto ni wake. Lo, kujidanganya huko! Ijumaa jua likizama, kabla hata ya kufungua Biblia, wazee wale walishusha mbao za kuzuia maji kwenye mabwawa yao ili Jumapili waamkie maji tele.

Na leo askari wa chifu alikuwa anakuja kukagua. Kinu kisiposaga, hakuna kibali, na ng'ombe wa mahari ya binti yake, waliokuwa wa kumwolea mwanawe mke lakini akawauza kujenga kinu, wangekuwa wameishia kwenye mawe yaliyolala.

Alipanda hadi kwa Nyamweya, mwenye bwawa kubwa, akamkuta na koti la kanisani.

"Mzee, nifungulie kidogo tu."

"Leo ni Sabato. Hata maji yanapumzika."

"Maji hayajabatizwa, mzee."

Nyamweya alicheka, akashika njia ya kanisani akiimba. Onsongo alitema mate.

Askari alifika mchana.

"Hii kinu inasaga ama inalala?"

"Wamefunga maji, afande. Nyamweya na wenzake."

"Hao wako kwa maombi. Mimi siwezi sumbua watu ya Mungu."

Bochaberi, mke wa Onsongo, aliyasikia hayo. Alichukua jembe, akapanda hadi kwenye mabwawa, akazing'oa mbao, bwawa baada ya bwawa. Maji yakaja kwa kishindo, gurudumu likaguna, likazunguka. Wanawake wakapiga vigelegele. Askari akachota unga, akaulamba.

"Sawa, inasaga. Sasa nani amefungulia maji ya watu?"

Bochaberi alikuwa anateremka, matope hadi magotini. Askari akamshika mkono.

"Mwizi ya maji. Twende kwa chifu."

Onsongo aliinuka, lakini mkewe akamkemea:

"Kaa hapo! Mimina kikapu kingine kabla hawajatoka kanisani."