Pumzi ya Mama

Watafiti wa ugonjwa wa fizi walipokuja kijijini kwetu Ipyana, kazi yangu ilikuwa kuandika majibu na kuwasisitizia watu jambo moja: msipige mswaki asubuhi hiyo. Daktari alikuwa akinusa pumzi kwa pua yake mwenyewe na kuipa alama. Anayenuka anaingizwa kwenye utafiti na kutibiwa. Asiyenuka anarudi nyumbani.

Mama yangu nilimwambia mara tatu. Foronya yake ilikuwa na madoa ya damu kila asubuhi, na meno ya mbele yalishaanza kucheza.

"Nimfungulie mgeni kinywa kinachonuka?" aliniuliza. "Sikukulea hivyo, Asifiwe."

Siku ilipofika, niliikuta foleni nzima inanukia majani ya mpera. Walikuwa wamejisugua meno kwa mkaa uliosagwa, kama watu wanaokwenda kubatizwa. Zamu ya Mama ilipofika, daktari aliinama, akanusa.

"Sifuri," akasema.

Ningeweza kumwambia, huyu ni mama yangu, na ananuka. Lakini nani anayatamka hayo mbele ya majirani? Mimi, mwanawe wa kumzaa, nikaandika sifuri. Mama akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," akaenda zake.

Watafiti walipata watu wanne tu, wakahamia wilaya nyingine.

Sasa Mama anakunywa uji. Wali wa mpunga wa shamba lake mwenyewe unamshinda. Juzi jino la tatu lilimdondokea kiganjani. Alikwenda kulisuuza kwanza, akalifuta kwa upindo wa kanga, ndipo akanionyesha.