Swali Lililobaki Darini

Kila Jumanne saa nne darasa la sita lilikuwa na somo la falsafa, na kila Jumanne mtunza shule alitangulia kufunga madirisha. Mtoto akiuliza swali la kweli alinyanyuka kitini, shibiri moja au mbili, akabaki hewani mpaka apate jibu la kubishana nalo, ndipo akashuka. Feni ya dari ilishang'olewa mwaka juzi. Wazazi waliombwa tu wawavalishe watoto soksi safi.

Mwalimu wa falsafa alikuwa na mtindo wake, na wenzake hawakuchoka kumtania: hajibu. Ukimuuliza anakurudishia, "Wewe unaonaje?" Basi watoto hubishana wenyewe kwa wenyewe mpaka wote watue, naye hujisifu moyoni kwamba hajawahi kumlisha mtoto maneno.

Jumanne hiyo alinyoosha mkono msichana wa mbele, anayeketi dawati moja na mvulana aliyezabwa kofi na mwalimu wa nidhamu hadi sikio moja likafa.

"Mwalimu, mtu akiona mwenzake anaumizwa, halafu aandike kwamba hakuona, si na yeye ameumiza?"

Akaanza kupaa.

Taarifa ya shule ilisema mvulana aliteleza chooni. Chini yake kulikuwa na saini ya shahidi, na saini ilikuwa ya mwalimu wa falsafa mwenyewe. Siku ya kofi alikuwa dirishani na kikombe cha chai, na aliona kila kitu.

"Wewe unaonaje?" akasema.

Safari hii hakuna aliyebisha. Msichana alipanda hadi kisogo kikagusa dari.

"Mimi naona ndiyo," alisema kutoka juu. "Nakuuliza wewe, mwalimu."

Kengele ikalia, hakushuka. Mchana mama yake alifika, akamtazama.

"Umekula?"

"Bado."

Mama akamgeukia mwalimu. "Si umjibu tu ashuke? Nimeacha nguo kwenye maji."

"Ndiyo mbinu ya somo, mama. Tunamwacha afikiri."

"Amefikiri tangu asubuhi."

Mkuu wa shule alimvuta mwalimu kando. "Ukimjibu, itabidi taarifa iandikwe upya," alisema kwa upole. "Unataka tufike huko?"

Hakutaka. Alijichukia, lakini hakutaka.

Wiki ya pili shule ilinunua ngazi ya kumpelekea chakula. Mtunza shule alimpigilia kibao cha kuwekea madaftari, na mvulana akazoea kuketi amegeuza sikio zima kuelekea juu. Asubuhi mwalimu wa nidhamu huchungulia mlangoni.

"Wamo wote?"

"Wote," hujibu mwalimu wa falsafa.

Kisha hufunga mlango, hufuta ubao ambao hauna kitu, na kuuliza nani ana swali. Mkono wa kwanza huwa umeshanyooshwa kule darini. Yeye humchagua mtoto wa nyuma.