Mashine Mia Tatu Zinajuliana Hali

Mimi ni fundi wa mtandao wa hospitali, na kwa kujisifu sina mpinzani. Nilikataa kabisa seva kuu, ile kompyuta moja ya kutunza kila kitu. "Jamani, seva moja ikifa, tumekwisha wote," niliwaambia wakubwa. Kwa hiyo kila kompyuta ikahifadhi picha za eksirei na kuzigawia nyingine moja kwa moja, bila mkubwa wala mdogo. Halafu, kwa werevu wangu, nikaweka ufuatiliaji: kila mashine imuulize kila mwenzake, kila sekunde, upo? Nipo. Zilipokuwa thelathini, skrini yangu ilikuwa kijani tupu, nami nikawa naikodolea macho kama bwana harusi.

Jumatatu asubuhi nikaunganisha mia tatu kwa mkupuo. Kupima kidogo kidogo, nilisema, ni kazi ya waoga. Haya!

Saa nne mama yetu akaanguka kwenye ngazi, nyonga ikavunjika, akaletwa hospitalini kwetu. Dada yangu, ambaye ndiye mpiga eksirei pale, akampiga picha na kuituma chumba cha upasuaji. Mama amelazwa, damu inavujia ndani, daktari amekwisha nawa, na picha haifiki.

Dada akanipigia simu. "Wewe! Picha iko wapi?"

"Dada, huku kila kitu kijani. Mashine zote ziko hai."

"Ziko hai zinafanya nini?"

Nikachungulia. Lo! Maswali karibu elfu tisini kila sekunde. Njia zimejaa salamu, picha ya mama imekosa pa kupita. Mlinzi niliyemwajiri ndiye aliyekuwa ameziba mlango. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote, na mimi nilitaka yote.

Dada hakungoja maelezo. Aliitia picha kwenye flashi, akavua viatu, akapanda ghorofa tatu mbio. Mimi nikazima ufuatiliaji, machozi yananitoka. Picha ikafika kwa mtandao dakika moja baada ya dada.

Mama alipasuliwa salama. Siku mbili baadaye dada akaniuliza, "Kwani mtaani, mtu akiumwa, kila mtu humpigia kila mtu? Si jirani humwambia jirani?" Siku hizi kila mashine inaziuliza tatu tu za karibu, na habari zinaenea zenyewe. Miaka minne ya chuo, nikaja kufundishwa na umbea.

Nikaenda wodini kumwomba mama radhi. Nikamweleza yote, mashine, salamu, msongamano.

"Mia tatu, mwanangu? Na zinajuliana hali kila sekunde?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi uliniuliza lini?"

Nikatoa simu nitazame nilimpigia lini mara ya mwisho. Siku arobaini na moja. Nikairudisha mfukoni, nikavuta kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, basi. Lile goti lililoniangusha ngazini lilianza kulegea mwezi uliopita."