Wimbo wa Mwavuli

Svilen alikuwa mtunzi wa muziki ambaye hakuwahi kutunga wimbo hata mmoja mzima, na jambo hilo alilionea fahari. Katika chuo cha sanaa alichofundisha, katika mji wa Plovdiv, aliwaambia wanafunzi wake kwamba nyimbo zote zilikwisha kutungwa zamani. Kazi iliyobaki ni kuzikata vipande, kuzishona upya, kisha kumkonyeza msikilizaji ili ajue kwamba mtunzi naye anajua. Huo ndio usasaleo, alisema, na alilitamka neno hilo silabi kwa silabi kwenye redio kila walipomwalika, yaani mara mbili.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa simfonia ya milio ya simu, tangazo la sabuni, na wimbo wa taifa wa nchi isiyokuwepo. Ilipigwa jioni moja tu. Mama yake, Nedyalka, aliketi mbele kabisa, amevaa mkufu wake wa sikukuu, na ilipokwisha akamwinamia jirani yake na kumuuliza kama wapigaji wamemaliza kulinganisha vyombo.

Rafiki yake Ognyan alikuwa mwongozaji wa filamu, na ugonjwa wao ulikuwa mmoja. Mwaka huo Ognyan alikuwa akitengeneza filamu kuhusu mwongozaji anayetengeneza filamu kuhusu harusi. Waigizaji walisahau maneno kwa makusudi, kamera ilionekana kwenye vioo, na katikati ya kiapo bibi harusi aligeuka kuwauliza watazamaji kama aendelee.

"Nataka wimbo wa harusi," Ognyan alimwambia wakinywa kahawa. "Mbaya mpaka watu waanguke vitini kwa kucheka. Weka mvua, weka stesheni, weka machozi. Usibakishe kitu."

Svilen aliutunga alasiri moja, akicheka peke yake chumbani hata jirani akagonga ukuta. Aliweka klarineti inayolia kwa kwikwi, ngoma inayochechemea, na maneno aliyoona hayawezi kumtoka mtu mwenye akili zake timamu:

*Umeondoka na mvua, umeniachia mwavuli;*
*jua likitoka kesho, nitalijibu nini?*

Alipofika hapo pa jua alijipongeza kwa glasi ya rakia, ile pombe kali ya matunda.

Mwimbaji alitoka Pazardzhik. Aliitwa Zdravka, mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti, mwenye kucha za rangi ya dhahabu, ambaye riziki yake ilikuwa kuimba kwenye harusi na mikahawa. Aliingia studio kachelewa, bado anagombana na mtu kwenye simu. Svilen alimngoja amalize, kisha akamweleza.

"Imba bila kumaanisha."

"Nisimaanishe nini, profesa?"

"Maneno. Mapenzi. Mwavuli. Imba kama mtu anayemwiga mwimbaji wa harusi."

"Mimi ndiye mwimbaji wa harusi."

"Barabara. Sasa jiige."

Zdravka akamgeukia Ognyan. "Huyu kalewa?"

Mwishowe alisema amewaelewa, akavaa vipokea sauti vya masikioni, akafumba macho na kuimba vilevile anavyoimba siku zote, kwa kifua kizima. Ognyan alimshika Svilen mkono. "Unaona? Anaiga bila kuonyesha kwamba anaiga. Huo ndio upeo." Svilen alikubali kwa kichwa. Kwa kweli hakuona kitu kama hicho, ila ilikuwa sentensi nzuri, na wiki iliyofuata aliitumia darasani kana kwamba ni yake.

Filamu ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la mjini, ukumbi ukiwa umejaa. Bibi harusi alipogeuka kuuliza kama aendelee, hakuna aliyecheka. Mtu mmoja nyuma alisema "endelea tu, mama," kwa sauti ya aliyechoka. Kisha ukaja wimbo. Svilen alijikunja kitini kuupokea mlipuko wa kicheko. Badala yake alisikia watu wakivuta kamasi, safu baada ya safu. Alidhani ni mafua. Taa zilipowashwa, mwenyekiti wa jopo la majaji, mzee mkavu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitabasamu, alikuwa anafuta miwani yake.

Filamu iliondolewa kwenye kumbi mapema. Wimbo haukuondoka. Svilen aliukuta kwenye duka la mikate, akaukuta kwenye teksi, na asubuhi moja mafundi waliokuwa wakitengeneza paa la jirani waliuimba kwa sauti mbili, wakigombea ile kwikwi ya klarineti. Mchambuzi mmoja aliandika kwamba hatimaye mtunzi huyu ameacha kujificha nyuma ya kejeli. Svilen alilisoma hilo akiwa amesimama jikoni, akahisi kama mtu aliyekamatwa akiiba na kupewa zawadi ya uaminifu.

Walimpa na tuzo: ya muziki wa dhati. Alikuwa ameandaa hotuba kali kueleza kwamba wimbo ule ni mzaha, kwamba kulia kwao ndiyo sehemu ya mzaha. Alipopanda jukwaani alimwona Zdravka safu ya mbele, amevaa gauni jipya, pembeni yake mama mzazi wa Zdravka ambaye alikuwa ameshaanza kulia. Svilen akasema, "Asanteni sana," akashuka.

Chuoni hali haikuwa afadhali. Msichana mmoja mpole aliinua mkono katikati ya somo.

"Mwalimu, samahani. Tukiusikia ule wimbo, tucheke au tulie?"

"Swali zuri," alisema Svilen.

"Ni kwa sababu ya mtihani, mwalimu."

Majira ya kuchipua mama yake alimpigia simu. Nedyalka alikuwa mjane wa muda mrefu, akiishi Asenovgrad, na habari yake aliitoa kama mtu anayetaja bei ya nyanya: anaolewa. Mchumba ni Pantelei, dereva wa treni aliyestaafu, jirani wa ghorofa ya chini. Harusi ndogo, mkahawani kando ya mto.

"Na utatupigia ule wimbo wako," alisema.

"Mama, ule wimbo ni mzaha."

"Mzaha wa nini?"

"Niliutunga kuwacheka watu wanaopenda nyimbo za aina ile."

"Watu gani hao?"

"Watu tu, mama."

"Mimi naupenda. Pantelei anauimba akinyoa ndevu. Sasa ulikuwa unatucheka sisi, au kuna wengine?"

Svilen aliangalia vitabu vyake ukutani.

"Njoo na akodioni," alisema Nedyalka. "Yule Zdravka wako nimeshampigia, ana harusi Burgas."

Alikwenda, lakini hakwenda mikono mitupu. Kichwani alikuwa na mpango wa kuokoa heshima yake: ataupiga wimbo, ila katikati atachomeka vipande vya simfonia yake, mlio wa simu hapa, tangazo la sabuni pale, ili angalau mtu mmoja mkahawani ajue kwamba yeye anajua. Mtu huyo angekuwa Ognyan, aliyealikwa naye, na ambaye tayari alikuwa ameinua simu yake kurekodi.

Mchana ulikuwa wa jua. Wageni walikwisha kula mikate ya jibini iitwayo banitsa na pilipili za kuchoma, wakashikana mikono na kufanya mduara, maharusi wakiongoza. Svilen akaanza. Ubeti wa kwanza mduara ulizunguka vizuri. Wa pili, akachomeka mlio wa simu. Mwanamume mmoja aliachia mkono wa jirani akajipapasa mfukoni. Akachomeka sabuni, kwa ufunguo mwingine kabisa wa muziki, na mduara mzima ukajikwaa. Shangazi wawili wakagongana vichwa.

"Amezidiwa, masikini," alisema Marika, dada yake Pantelei. "Mwacheni. Si rahisi kumwona mama yako anaolewa."

Mtu alimletea maji. Mwingine akaanza kumpepea kwa sahani ya karatasi. Kisha Pantelei akatoka kwenye mduara, suti yake ikimbana mabega, akamwinamia na kumnong'oneza kwa upole kabisa.

"Mwanangu, kama huujui vizuri usione haya. Mimi nitaimba, wewe nifuate tu."

Svilen akamfuata, angefanya nini? Pantelei alikuwa na sauti ya breki, na maneno aliyachanganya: mwavuli aliuingiza kwenye behewa, na jua likachelewa kama treni ya kutoka mji wa Septemvri. Alikuwa akiuharibu kila mstari. Mduara ukazunguka tena. Mama yake alipita mbele yake, uso umeiva kwa joto, akamtazama kwa namna ambayo hakumtazama jioni ile ya simfonia, na Svilen akaanza kupepesa macho.

Akili yake ikakimbilia maelezo mara moja. Hii ni hisia ya kuazima, alijiambia. Nimeiona kwenye filamu chungu nzima, mwana na mama na muziki. Alikuwa bado anatafuta neno la kitaalamu pale machozi yalipofika kidevuni na kudondokea vibonyezo vya akodioni.

Baadaye Ognyan alimfuata kwenye ngazi za mkahawa, anachekelea.

"Ile ya kulia, bwana, umeiweza. Mtu angedhani kweli."

"Ilikuwa kweli."

"Na sauti hiyohiyo usiibadilishe," alisema Ognyan, akainua tena simu yake. "Rudia. Sema 'ilikuwa kweli.'"

Svilen hakurudia. Alirudi Plovdiv na azma mpya: atatunga wimbo wa dhati, wa kwanza maishani, kwa ajili ya mama yake na Pantelei. Hakujua kama kazi hiyo ingekuwa ngumu hivyo. Kila mstari aliouandika ulimkonyeza. Alifuta, akaandika, akafuta. Aliandika juu ya mikono ya mama yake, akaona aibu. Akaandika juu ya nyumba ya utotoni, akaona aibu zaidi, ila safari hii akaiacha. Hakuweka kejeli hata chembe. Mavuno ya zabibu yalipofika, ulikuwa tayari.

Aliwapigia sebuleni kwao, akiimba mwenyewe kwa sauti inayotetemeka. Nedyalka na Pantelei walikaa kwenye kochi, bakuli la zabibu katikati yao. Ubeti wa kwanza walitazamana. Wa pili, Pantelei akaziba mdomo kwa kiganja. Kwenye kiitikio, pale panapotajwa mikono ya mama, Nedyalka alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akajilaza kwenye bega la mumewe.

"Sasa huu ndio mzaha," alisema akijifuta macho. "Huu nimeuelewa, mwanangu. Kwa nini hukuanza na huu?"

"Piga tena pale pa mikono," alisema Pantelei.

Svilen aliwatazama wote wawili, wamejibana kwenye kochi moja, wekundu kwa kucheka. Akavuta akodioni, akapiga tena pale pa mikono.