Penseli Pembeni mwa Sheria ya Ujirani

Kwa miaka kumi na tisa Solfrid Myklebust alikuwa mkutubi katika maktaba ya sheria mjini Bergen, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mtu kama kesi yake ina miguu au haina. Ndiyo iliyokuwa kanuni ya kazi. Mkutubi humwonyesha mtu rafu, humfundisha kutumia faharasa, humfungulia hukumu kwenye kompyuta. Ushauri ni wa mawakili. Watu walimbembeleza, wengine wakamnunia, yeye akabaki palepale.

Mawakili na wanafunzi hawakumsumbua sana, walijua walichokifuata. Waliomchosha ni raia wa kawaida walioingia wakichuruzika mvua, bahasha ya barua imefichwa ndani ya koti. Na hao ndio aliowapenda.

Mwaka mmoja, majira ya kuchipua, walikuwa wawili. Kila Jumanne alikuja Borghild Nesse, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanamke mwembamba aliyenoa penseli zake nyumbani kabla ya kutoka. Kila Alhamisi alikuja Torleiv Hauge, aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mjane, mwenye vidole vinene vilivyopata taabu kufunua karatasi nyembamba. Wote wawili waliomba kitabu kilekile, ufafanuzi wa sheria ya ujirani. Maktaba ilikuwa na nakala moja tu, na haikuruhusiwa kutoka nje ya jengo.

Mwanzoni Solfrid hakuunganisha mambo. Siku moja Torleiv alimwomba amsaidie kutoa kopi ya barua ya baraza la usuluhishi, naye akaona majina mawili juu yake: Nesse, mlalamikaji, Hauge, mlalamikiwa. Msonobari wa Hauge ulikuwa ukilitia kivuli banda la vioo ambamo Nesse alipanda nyanya. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa mbao. Solfrid alimrudishia barua yake, akanyamaza. Nani anasoma nini si habari ya kutangaza.

"Mama, nikuulize kitu kimoja tu," Torleiv alisema siku hiyo.

"Uliza, ila jibu langu unalijua."

"Mti ulikuwepo, jirani akahamia baadaye. Nani mwenye haki?"

"Ukurasa wa mia mbili na kumi. Ukimaliza, fuata hukumu zilizotajwa kwenye tanbihi."

Torleiv akatikisa kichwa. "Ungekuwa daktari wewe, mgonjwa angekata roho huku unamwonyesha kabati la dawa."

"Nikimpa dawa bila cheti atakata roho mapema zaidi," alisema Solfrid. Torleiv akacheka kidogo, akaenda kuketi.

Ijumaa, akirudisha vitabu rafuni, Solfrid aliufungua ule ufafanuzi kwenye sura ya miti, akakuta pembeni pamechafuka. Mistari minene ilikuwa imepigwa chini ya maneno, na kando yake imeandikwa: *Sawa kabisa.* Chini yake, kwa herufi ndogo zilizosimama wima kama askari: *Soma sentensi inayofuata.* Chini ya hapo, kwa herufi nene: *Nimeisoma. Wewe isome tena.* Ugomvi ulienda hivyo kurasa sita. Miandiko yote miwili aliijua kutoka daftari la wageni. Wenyewe, ilikuwa dhahiri, hawakujua kwamba wanaandikiana wao kwa wao. Kila mmoja alidhani anabishana na mwanafunzi mjuaji.

Penye aya iliyozungumzia mti wenye thamani ya pekee kwa mwenyewe, Torleiv aliandika neno moja: *Aslaug.* Borghild akajibu chini yake: *Aslaug ni nani? Lete ushahidi, si majina.*

Solfrid alichukua kifutio, akakirudisha kwenye droo. Aliona si haki yeye afute uchafu wa watu wazima.

Mwezi Mei likaja toleo jipya la kitabu hichohicho. Wote wawili walikuwa wameomba kuarifiwa. Kikao chao mbele ya baraza kilikuwa kimebakiza wiki mbili. Solfrid alifikiri: akimwambia mmoja kwanza, atakuwa amempendelea. Akaandika ujumbe mmoja, akautuma kwa wote dakika ileile, bila mmoja kuona jina la mwenzake. Hakufikiria hatua ya pili, kwamba wote wangewahi mlango kesho yake asubuhi.

"Wewe unatafuta nini hapa?" Borghild alimuuliza Torleiv pale mlangoni, mwavuli ukimdondokea viatuni.

"Unachokitafuta wewe."

"Kuna kitabu kimoja," alisema Solfrid. "Ama mtakisoma pamoja, ama nitagawa saa. Chumba cha mazungumzo kiko wazi."

Hakuna aliyekubali kungoja zamu ya pili. Waliingia chumbani wakaketi upande mmoja wa meza, kitabu katikati yao, kila mmoja akishika ukurasa wake kana kwamba mwenzake angeuchana. Solfrid aliwafuata na toleo la zamani na vifutio viwili.

"Na hiki kabla hamjaondoka. Kila mtu afute ya kwake."

Borghild aligeuza kurasa, uso ukimwiva. "Ni wewe?" alimuuliza Torleiv. "Hii 'wewe isome tena' ni wewe?"

"Na yale mengine ni wewe, mwalimu. Ningejua. Ni kama kusahihishiwa daftari."

Solfrid alitoka. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama hapo hakuvuka mpaka, maana siri ya mmoja alikuwa ameifungua mbele ya mwingine. Alipopeleka karatasi za kopi chumbani, aliwakuta wamefika penye lile jina.

"Aslaug ni nani?" Borghild aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mke wangu. Mche ule aliuleta kwenye ndoo, umefunikwa na koti langu. Sasa ana miaka tisa kaburini."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Uliniletea barua."

Borghild akayafuta maneno yake polepole, akapuliza vumbi la kifutio. Alipokielekeza kifutio kwenye lile jina, Torleiv alimzuia mkono.

"Niachie. Hilo langu."

Akalifuta mwenyewe, herufi moja moja, kwa vidole vyake vinene, bila kuitoboa karatasi. Solfrid alitamani kumwambia aliache. Lakini kanuni ni kanuni, na mwenyewe hakuomba libaki.

Kuhusu toleo jipya, sura ya miti haikuwa imebadilika hata nukta. Ilikuwa imeongezwa tanbihi moja kuhusu ua wa mawe.

Mwezi Juni walikwenda mbele ya baraza, wakamaliza kwa nusu saa. Matawi ya upande wa kusini yangekatwa kila vuli, mti ungebaki, na banda la vioo lingesogezwa mita tatu. Torleiv alijitolea kuifungua fremu yake. Hayo Borghild ndiye aliyeyasimulia, siku ya Jumanne, akiwa amesimama kwenye dawati na bahasha nyingine mkononi.

"Kwa hiyo mmepatana," alisema Solfrid.

"Tumepatana kuhusu mti. Muziki wake wa asubuhi bado." Akaiweka bahasha mezani. "Leo nimekuja kwa ajili ya dada yangu. Wamemkatalia pensheni ya ulemavu. Wewe unaonaje, ana haki?"

"Rafu ya kumi na nne, upande wa dirisha," alisema Solfrid. "Anza na faharasa. Na penseli, tafadhali, iache hapa kwangu."