Boma Lililokwenda Mkutanoni

Dokta Rogathe alikuwa anapiga pasi fulana ya mkutano, ile nyeupe yenye kaulimbiu ya mwaka mgongoni, mlinzi wa hospitali alipogonga mlango wa jikoni.

"Shikamoo, mzee Nassoro."

"Marahaba. Una mgeni, dokta. Katoka Mamba, kule mlimani."

"Mgonjwa?"

"Hapana. Ni ile wodi."

Rogathe akachomoa pasi, akatoka kuangalia. Ni kweli. Boma la wodi ya watoto lilikuwa limesimama nje ya ua wa hospitali, kuta zake za mawe zimeishia usawa wa lenta, juu tu ya madirisha matupu, bila paa, nyasi zimeota juu. Msingi ulikuwa umejaa vumbi la Kisiwani, kijiji cha chini ya mlima, maana ndiko lilikopita. Kwenye barabara kuu askari alisimamisha malori likavuka, kisha akaendelea na kazi yake.

"Nimeliambia lisizibe njia ya gari la wagonjwa," mzee Nassoro alisema. "Likasogea. Lina adabu."

Adabu lilikuwa nayo, tena imezidi. Watu wa Mamba walilijenga kwa msaragambo. Baragumu lilipolia kila nyumba ilitoa mtu, na kila mtu akabeba jiwe, Mlutheri na Mkatoliki, mwenye shamba la tangawizi na asiye na shamba. Waliambiwa: ninyi pandisheni kuta tu, bati na mashine ya oksijeni vitakuja. Wakapandisha. Basi bati likawa linakuja, linakuja, mpaka mbuzi wakapazoea pale ndani kuliko kwao.

Mtoto wa Mamba akibanwa na kifua, hupakiwa mgongoni mwa mama yake, mama akapanda bodaboda, wakateremka kwenye ukungu na baridi ile mpaka hapa Same, hospitalini. Wengine hufika. Hilo ndilo Rogathe alilokuwa akilisema kila mwaka mbele ya Umoja wa Madaktari wa Watoto, kwenye wiki yao ya utetezi wa afya ya mtoto. Wenzake walimsikiliza vizuri sana. Waliliingiza kwenye maazimio, wakamshukuru, wakaenda kula. Mwaka huu zamu ya kupokea wageni ilikuwa ya Same, na boma, nadhani, likaona safari si ndefu.

"Umekula?" Rogathe aliliuliza, kwa mazoea tu. Halafu akaona haya, akaenda kuvaa fulana.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi ulio karibu na stendi. Boma lilisimama upande wa madirisha likazuia jua, na wajumbe wakafurahi, maana feni zilikuwa zimeharibika. Zamu ya Rogathe ilipofika alisema yaleyale, ila safari hii alinyoosha kidole dirishani. "Ndilo hilo," alisema. Wajumbe wakageuka wakatazama, wakatikisa vichwa kwa huruma. Mmoja akauliza kama mawe yale ni ya hukohuko mlimani. Akajibiwa ndiyo.

Mwenyekiti, Profesa Paschal, mtu mwema asiyejua kufupisha, alisema katika miaka yote ya utetezi hajawahi kuona jamii iliyoshiriki kiasi hiki. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Boma halikuwa na mikono ya kuitikia.

Mchana mahema hayakutosha, kwa hiyo wapishi wakapanga meza ndani ya boma. Wajumbe walikula pilau humo, wakapiga picha kwenye madirisha, wawili wawili, wakicheka. Bango la kaulimbiu lilitundikwa pale ambapo mlango ungekuwa. Rogathe alisimama na sahani yake pembeni. Alikuwa kati ya watu wa kazi yake, waliosoma alikosoma, na alijiona mpweke kuliko siku za zamu ya peke yake.

Ndipo Anold, afisa mipango wa wilaya, akaja kulikagua. Alilizunguka, akagonga ukuta, akachungulia pembe kwa jicho moja.

"Kazi nzuri hii, dokta. Imara kabisa. Ila kuna tatizo dogo."

"Lipi?"

"Bati hupelekwa palipo na boma. Mamba sasa hivi hakuna boma, lipo hapa. Na hapa mjini wodi ya watoto ipo tayari. Sasa niezeke wapi?"

"Litarudi, kaka. Si limekuja tu kusema shida yake?"

"Likirudi mtaomba upya," Anold alisema, na hakusema kwa ubaya. Alionekana kusikitika kweli. Akaomba apigwe picha nalo, kisha akaenda kunawa mikono.

Jioni mabasi yaliondoka, la Moshi na la Dar, na mji ukabaki na vumbi lake. Boma lilimfuata Rogathe mpaka nyumba ya daktari, likasimama uani. Mji mzima humwita Mama Watoto, lakini kwake sufuria ni moja na kikombe ni kimoja, na akitoka kazini hakuna wa kumwambia pole. Alitoa kigoda, akaketi ndani ya boma akiwa bado na fulana. Akaliambia mambo. Kwamba aliwahi kutaka kuhama. Kwamba huwa anaogopa mlio wa bodaboda alfajiri, kwa sababu hajui kilichopakiwa kiko hai au la. Kuta za boma zilikuwa na joto la mchana, naye akaegemea. Ilikuwa zamani tangu aegemee kitu.

Kulipopambazuka pikipiki ililia getini. Alishuka mwanamke kijana wa Mamba, Elinaza jina lake, amelowa ukungu, kajifunga mtoto mgongoni kwa kanga mbili.

"Shikamoo, dokta. Usiku kifua kilimbana, nikampeleka zahanati yetu. Nesi akasema hana mashine, na hata ile wodi haipo, imeshuka Same mkutanoni. Akaniambia niifuate."

"Marahaba, mama. Mlete."

"Alikohoa mteremko mzima, masikini. Kufika Kisiwani akatulia. Nikasema ahsante Mungu, amepata usingizi."

Rogathe alimfungua mtoto mlemle ndani ya boma, kwa kuwa ndimo walimokuwa. Aliweka chombo cha kusikilizia kifuani. Akahamisha, akasikiliza tena, akahamisha. Alisikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamfunika mtoto kwa kanga ya ndani iliyobaki kavu, mpaka juu, na Elinaza akaona kanga inavyopanda.

Elinaza alikaa chini akaegemea ukuta, mtoto mapajani, akapitisha kiganja kwenye mawe.

"Ya kona hii niliyabeba mimi," alisema. "Nikiwa na mimba yake."

"Pole, mama. Pole sana."

Elinaza akainua uso. Juu palikuwa na anga, kumekucha, hakuna kingine.

"Kwa hiyo halijapewa bati?"

"Bado."

"Mkutanoni walilionaje?"

Rogathe alitafuta la kusema ambalo si uongo.

"Walilipenda sana," alisema.

Elinaza akaitikia kwa kichwa. Akamfunga mtoto mgongoni kama alivyokuja naye, akaomba asaidiwe kufunga fundo. Pikipiki ikaondoka taratibu kuelekea mlimani, na boma likageuka likawafuata nyuma.